Aliyenunua Tisheti Yako

Yunisi mwanangu,

Usianze kunicheka mwandiko. Unajua niliishia darasa la nne, na kalamu nimeizoea kwa kuandika bei kwenye maboksi tu. Lakini kwa mdomo hatuongei, maana tangu gulio lililopita una neno moja tu kwangu. Asubuhi shikamoo, jioni shikamoo, basi. Marahaba nimeitikia mpaka imenichosha. Kesho basi la Morogoro linakubeba, na mimi sitaki ufike kwa mama yako mdogo umenibebea shikamoo tupu. Kwa hiyo wewe umeenda kumuaga bibi yako, mimi nimebandika maharage, nimekaa kwenye kigoda, naandika. Yakiungua ujue ni wewe.

Mambo ya kula, kuvaa sweta na kuweka simu vizuri sikwambii. Baba yako ameyasema wiki nzima mpaka kuku wameyajua. Mimi nataka tuongee tisheti.

Najua, ukisikia tisheti unakasirika upya. Vumilia kidogo, nitafika kwenye yako. Lakini unakwenda kuuza nguo dukani, na kitu ninachokijua mimi duniani, ukitoa kupika ugali wa bada na kujua ya watu, ni kwa nini mtu anasimama mezani kwangu, anapita tisheti arobaini nzuri, anashika moja na kusema hii hapa.

Wewe ulikuwa unadhani wanaangalia kama haijatoboka. Wachache! Yule mwalimu mrefu anayetoka Tanga, unamkumbuka? Ananunua zenye maandishi ambayo hata yeye hajui ni lugha gani. Nikamuuliza, mwalimu, hapa pameandikwa nini? Akasema, "Mama Yunisi, ndiyo raha yake, hakuna mwanafunzi wa kunisahihisha." Na yule mzee wa Mlalo aliyevaa tisheti ya kijani siku aliyouza viazi kwa bei nzuri, mpaka leo akija anatafuta kijani. Viazi vimeshuka, vimepanda, vimeoza, yeye kijani tu. Mama Singano wa vitunguu yeye hanunui mpaka aone mwenzake ameshika. Nguo inaweza kulala mezani mwezi mzima haitazami, mwingine akiinyanyua tu, utamsikia, "Hiyo nilikuwa nimeshaiona mimi!"

Na baba yako. Hili hajawahi kukwambia, akilikataa usimsikilize. Alinunua tisheti kwangu magulio matatu mfululizo. La kwanza nyekundu, la pili nyekundu, la tatu nyekundu. Nikamwambia kaka, una timu ya mpira? Akasema hapana, ni kwamba naishiwa nguo. Nikamwangalia miguuni, viatu vimefungwa kamba ya katani, nikasema moyoni huyu hajaja kununua tisheti. Gulio la nne hakuja na hela, alikuja na plamsi kwenye kofia. Nikala. Ndiyo wewe.

Basi kwa hayo yote nikajiona fundi. Mtu akishika nguo, kabla hajauliza bei, mimi nimeshajua. Na nikishajua sikai nacho. Unanijua. Namwambia Mama Singano, Mama Singano anamwambia muuza sabuni, na jua likizama kijiji chote cha Kwai kimepata habari. Tulikuwa tunacheka, mwanangu. Sikuona ubaya wowote, maana mtu hachubuki ngozi ukimsema.

Sasa nikwambie ya Mama Salome.

Wewe unamjua kama mama wa rafiki yako, yule anayeuza mapeasi na kabichi hatua kumi kutoka meza yangu. Uliwahi kuniuliza kwa nini siku hizi simsalimii, nikasema kila mtu na meza yake. Nilikudanganya. Tulikuwa tunashinda pamoja, tunakula sahani moja, mvua ikija tunajifunika turubai moja. Sauti yake ndiyo ilikuwa ya kwanza kwenye kwaya ya usharika, na mimi nilikuwa nakaa benchi la mbele ili nione watu wanavyomwonea wivu.

Mume wake alikuwa amefariki, hata mwaka mzima haujaisha. Siku moja ya gulio akaja mezani kwangu. Hakusema "chagulia shoga yako" kama kawaida yake. Alichambua kimya, rundo lote, mpaka akatoa tisheti ya bluu yenye mstari mweupe kifuani. Kubwa, ya mwanaume aliyeshiba. Akaishika muda mrefu, akaigeuza ndani nje, akatazama kola. Hakuomba nipunguze. Akalipa, akaikunja ndogo, akaisukuma chini kabisa ya kapu, chini ya mapeasi.

Mjane, tisheti ya mwanaume, hapunguziwi, anaficha. Utaniambia nini mimi? Nikamwambia Mama Singano, "Mwenzetu ameshapata wa kumvalisha." Tukacheka mpaka vitunguu vikatutoa machozi.

Jumapili ya pili yake wazee wa kanisa wakamwita. Wakamuuliza kwa upole tu, tisheti ya kiume uliyonunua gulioni ni ya nani? Akawajibu, "Ni ya nyumbani kwangu." Nani nyumbani kwako? Akanyamaza. Wakamwambia basi pumzika kidogo kwaya mpaka mambo yaeleweke. Akapumzika. Jumapili ile wimbo ulianza chini mno, kila mtu akageuka kutazama pale alipokuwa anasimama, na mimi nikainamia kitabu changu cha nyimbo kama mtu anayejua kusoma haraka.

Bado nilikuwa na uhakika. Mtu asiye na kitu cha kuficha angesema.

Ukweli niliujua siku ya msiba wa mkwe wake. Unamkumbuka yule bibi aliyekuwa haoni vizuri, ukimwamkia anakushika uso wote ndipo anakuitikia? Alikuwa akiishi na Mama Salome. Mwanawe alipokufa, bibi alichukua tisheti yake ya bluu, akawa analala ameikumbatia. Bila hiyo halali, analia usiku kucha. Sasa siku moja Mama Salome akaifua, akaianika kwenye kamba, na ng'ombe wao wa maziwa akaivuta, akaitafuna mpaka ikabaki kola. Kola tu! Mama Salome alizunguka magulio, Lushoto, Mlalo, kote, akitafuta inayofanana, akaipata kwangu. Akaifua mara nyingi ilainike. Akaitundika jikoni juu ya meko ipate moshi wa nyumbani. Akamwambia bibi, hii hapa mama, imekauka. Bibi akainusa, akailalia.

Sasa angewaambiaje wazee wa kanisa? Hapa kwetu neno likisemwa asubuhi ofisi ya usharika, mchana lipo kisimani, na bibi macho tu ndiyo yaliyokuwa hayafanyi kazi, masikio yalikuwa mazima. Akaona bora yeye aitwe malaya kuliko bibi ajue anakumbatia nguo ya mtu mwingine.

Haya aliyasema mwenyewe, siku ya msiba, wakati anaiweka ile tisheti kwenye jeneza. Alisema, "Sasa naweza kuongea." Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba na wanawake tunamenya ndizi. Tuliyasikia yote dirishani. Hili kovu la kidole gumba uliloniuliza nikakwambia ni ndizi, ni ndizi kweli, ila sasa unajua siku gani.

Kwaya walimrudisha wiki ile ile. Wazee walikwenda kwake wakamwomba radhi. Mama Singano naye akaenda na debe la vitunguu. Mimi sikwenda. Nilijiambia nitamwambia gulio lijalo. Likaja, nikaona watu wengi. Nikasema linalofuata. Likaja, mvua. Mwanangu, hatua kumi, miaka miwili. Nikawa napanga nguo ndefu upande ule ili nisione uso wake. Hiyo ndiyo kazi ya mama yako aliyekuwa anajua kila mtu ananunua nini na kwa nini.

Na usidhani niliacha umbea. Nilipunguza wiki moja.

Ngoja nigeuze maharage.

Haya, yako sasa. Siku moja kabla ya gulio lililopita nilifua tisheti za belo la mitumba, nikazianika. Na wewe ukafua zako za safari, ukaanika kamba hiyo hiyo, kwa sababu nyumba hii ina kamba moja na nimemwambia baba yako aongeze tangu hujazaliwa. Ukungu ukashuka, manyunyu yakaanza, nikakimbia nikabeba zote kwa mkupuo. Asubuhi nikakunja gizani nikaweka kwenye mfuko. Ndivyo tisheti yako nyeupe ilivyofika mezani kwangu.

Unaniuliza kwa nini sikuitambua. Nitakwambia, na ndilo linaloniuma. Siku mliyomaliza shule mkaandikiana majina kwa kalamu za makapeni, ulikuja nayo nyumbani umeivaa, unazunguka ukumbini, unasema mama soma, soma huku, soma mgongoni. Na mimi nilikuwa nahesabu hangaa za kutundikia nguo. Nikasema nitasoma baadaye, inataka miwani. Ukaikunja ukaiweka sandukuni. Sikuisoma hata jina moja. Kwa hiyo nilipoiona mezani niliona nguo iliyochafuliwa na watoto wa Ulaya, maana kwenye mabelo zimo za namna hiyo.

Akaja kijana wa bodaboda, kofia ngumu kichwani. Hakuipima, hakuuliza kama kuna nyingine. Akasema hiyo hapo nyeupe. Nikamcheka, "Ya kufutia pikipiki, eh?" Naye akacheka, akalipa, akaenda. Na mimi nikamwambia Mama Singano, unaona yule, anafutia pikipiki majina ya watoto wa watu.

Jioni ulipofungua mfuko wako wa safari ukaikosa, nilikuona. Ulitafuta chini ya kitanda, ukatafuta hadi kwenye kapu la mkaa. Halafu ukanitazama. Ukaniambia, "Mama, wewe unajua kila mtu ananunua nini na kwa nini. Yangu ndiyo hukuijua?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilikujibu nitakununulia nyingine. Nyingine! Hivi kweli nilisema hivyo? Mimi ndiye ninayejua kwamba mtu akishika moja, hakuna nyingine.

Basi leo asubuhi sikupanga meza kwanza. Nilikwenda kijiweni kwa bodaboda. Nikasema wanangu, natafuta aliyenunua kwangu tisheti nyeupe yenye maandishi.

"Shikamoo Mama Yunisi! Leo umegeuka mteja?"

"Marahaba. Nani kati yenu?"

"Tukikwambia utatangaza na rangi ya chupi zetu!"

Walicheka wote, na mimi nikacheka, maana kweli ningeweza. Kisha yule kijana akavua kofia akasema, "Mama, mimi niliinunua, lakini si yangu. Nilitumwa."

"Na nani?"

Hakutaja jina. Alinyoosha kidevu tu, kuelekea kwenye mapeasi.

Nilisimama pale nikaanza kutafuta sababu, si unanijua. Nikasema ameinunua anikomoe. Nikasema anataka akamwonyeshe mchungaji jinsi ninavyouza hadi nguo za mwanangu. Nilitoa sababu tano, zote mbaya, zote zimekaa vizuri. Halafu nikakumbuka ya bluu. Nikaacha kuhesabu, nikaenda.

Nikamwamkia kwa Kishambaa, onga makeo, kama zamani. Alikuwa anapanga kabichi. Hakunyanyua kichwa.

"Umechelewa," akasema.

"Nimeamka saa kumi na moja."

"Miaka miwili, Mama Yunisi. Sisemi leo."

Nikamwambia, "Mama Salome, ile tisheti ya bluu. Aliyesema ni mimi."

"Ulidhani nilifikiri ni ng'ombe?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa, nikalia. Pale pale, mbele ya wateja, na kamasi. Nikamwambia nisamehe, sikujua. Akasema, "Hukuwa na haja ya kujua. Ulikuwa na haja ya kuniuza tu." Neno hilo, Yunisi, nimelibeba kutoka sokoni hadi hapa, bado halijashuka.

Kisha akaingiza mkono ndani ya kapu, chini kabisa, akaitoa tisheti yako kwenye mfuko wa nailoni. Akasema amekuja nayo leo makusudi, na kwamba nisingeenda, angerudi nayo nyumbani ampe Salome siku akija likizo kutoka chuoni, akuletee Morogoro. Akaikunjua akanionyesha begani. "Jina la Salome wangu hili hapa. Mwandiko wake naujua. Nilipopita nikauona mezani kwako, nikajua ni ya Yunisi, na nikajua wewe hujui."

"Sasa si ungeniita?"

"Ningekuitaje, mtu umejijengea ukuta wa magauni?"

Hapo ndipo tulicheka. Mama Singano aliacha mizani hewani, mteja wake ana mkono umenyooka anasubiri chenji.

Nikataka kumrudishia hela, akakataa. Leo nilikuwa na belo jipya, kamera tupu, nguo za daraja la kwanza, hujaliona. Unajua kufungua belo kwetu kulivyo, wateja wakubwa wamesimama tangu alfajiri, kila mmoja anataka awe wa kwanza kuingiza mkono. Nikamshika Mama Salome, nikampitisha katikati yao wote, nikakata waya, nikasema wa kwanza ni huyu, achague anayoitaka, na hakuna atakayegusa mpaka amalize. Walinung'unika! Mwalimu wa Tanga alinuna kama mtoto.

Mama Salome hakuwa na haraka. Alichambua, akapita nzuri nyingi, nguo za kuolewa nazo. Akasimama kwenye moja. Akaishika, akaitazama kidogo, akaikunja ndogo.

Gulio zima lilinigeukia mimi. Mama Singano alinisogelea mpaka nikasikia pumzi yake, akaninong'oneza, "Ya nani hiyo? Eh? Mbona hiyo?"

Yunisi, sababu ilinijia, nzuri, imenyooka, na ulimi ulishanyanyuka. Nikaumeza. Nikasema, "Ameipenda."

"Ameipenda tu?"

"Ameipenda, Mama Singano. Uza vitunguu."

Ilikuwa rangi gani, saizi gani, ya kike au ya kiume, sikwambii hata wewe. Najua unawaka. Baba yako nimemnyima pia, amenipima homa.

Hilo ndilo nililonalo la kukupa, na ni dogo kwa mtu aliyekaa mezani miaka yote hii. Watakuja dukani, utawaona wanashika, na kichwa chako kitakuletea sababu, maana umezaliwa na mimi. Zicheke mwenyewe. Nyingine zitakuwa za kweli, kama viatu vya kamba vya baba yako. Lakini mtu akikunja nguo ndogo akaisukuma chini ya kapu, mfungie mfuko, mwambie karibu tena.

Tisheti yako iko juu ya begi, chini ya barua hii. Nimeipiga pasi kwa nyuma nisiunguze wino. Na leo nimeisoma, na miwani, jina moja moja, mpaka nimemaliza. Yule aliyeandika kwamba bila wewe darasa lingekufa kwa usingizi nampenda bila kumjua. Yule aliyechora moyo akasahau kuandika jina, sijauliza ni nani. Unaona navyojitahidi?

Chini ya mgongo, upande wa kushoto, kuna nafasi imebaki, kama kiganja. Nimeomba makapeni dukani, iko mfuko wa pembeni wa begi. Nilikuwa nishaifungua, nikaifunga. Nguo ni yako, na mimi nimeshaichukulia uamuzi mara moja.

Ukirudi kutoka kwa bibi yako nitakuwa jikoni, najifanya na maharage. Ukinipa shikamoo nitaitikia. Lakini ukiwa na neno jingine juu yake, hata kama ni la kunigombeza, njoo na hiyo kalamu. Nitaandika taratibu, kwa herufi kubwa, usije ukashindwa kusoma.

Mama yako wa meza ya tisheti